Ng'ombe katupa mimba, ni brusela?

SWALI: Daktari shikamoo. Ng'ombe wangu katupa mimba ya miezi 7, ndama katoka kafa na kondo la nyuma likaning'inia siku mbili mpaka likaanza kunuka, nikalivuta kwa mkono nikawatupia mbwa. Jirani anasema ni brusela, hivi ni kweli?

JIBU: Marahaba. Mkono mtupu tena, jamani! Inaweza kuwa brusela kweli, maana bakteria wake hupenda kuua mimba miezi ya mwishomwisho na kondo linagoma kutoka, ila magonjwa mengine pia yanatupisha mimba kwa hiyo usihukumu kwa macho, muite daktari wa mifugo achukue damu. Kwa sasa mtenge huyo ng'ombe, pale alipotupia nyunyiza dawa ya kuua vijidudu, na siku nyingine kondo na ndama mfu vaa glavu ufukie chini sana, mbwa akiburuta anasambaza ugonjwa kundi zima, ng'ombe wa nyama na wa maziwa wote.

Maziwa chemsha mpaka yachemke kabisa, mtindi wa maziwa mabichi acha kwanza. Brusela inashika na watu pia, kwa hiyo wewe ukianza homa ya kuja na kuondoka, jasho usiku, viungo vinauma, nenda hospitali useme ulishika kondo, maana wengi wanatibiwa malaria tu wiki na wiki. Ng'ombe akikutwa na brusela usihangaike na sindano, haponi huyo, anaondolewa kundini. Mitamba wadogo wao wanachanjwa mapema, kabla ya kupandwa.