Kabla Hujauhukumu Mchezo wa Mafumbo Uliorudi kwa Mara ya Pili

Mwezi wa Mei mwaka 2011, binamu yangu aliyekuwa Mombasa alinipigia simu akiwa dukani, diski ya mchezo wa kompyuta wa Portal 2 iko mkononi mwake, akaniuliza kama aninunulie. Nilimwambia airudishe. Sikuwa nimeucheza mchezo huo hata kwa dakika moja, lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa katika kibanda changu cha kutengeneza simu na kompyuta hapa Langoni, Lamu, nikisoma kwa modemu iliyokuwa ikisuasua yale yaliyoandikwa na wachezaji waliotutangulia, na karibu kila niliyemsoma alikuwa na hasira. Niliwaamini, na kwa kuwaamini nilijinyima kwa miaka miwili mojawapo ya michezo bora niliyopata kuishika. Tangu wakati huo vijana wengi hupita kibandani kuniuliza kama mchezo fulani uliotolewa sehemu ya pili unastahili pesa zao, na jawabu ninalowapa linatokana na kosa lile.

Asiyeujua mchezo huu huenda akahitaji maelezo kidogo. Portal ya kwanza ilitoka Oktoba 2007, na kampuni ya Valve, yenye makao yake Bellevue katika jimbo la Washington, Marekani, iliitia ndani ya mkusanyiko wa michezo kadhaa ulioitwa The Orange Box. Mchezaji ni Chell, mwanamke asiyetamka neno, aliyefungiwa katika maabara ya Aperture Science. Mkononi ana kifaa cha kufungua milango miwili ukutani, mmoja wa buluu na mwingine wa rangi ya chungwa. Ukiingia kwa mmoja unatokea kwa mwingine, na kasi uliyoingia nayo ndiyo unayotoka nayo, hivyo ukiangukia mlango ulio chini shimoni utarushwa kama jiwe la teo kutoka mlango ulio ukutani. Anayemwamrisha ni GLaDOS, mashine yenye sauti laini ya kike iliyoigizwa na Ellen McLain, ambayo humwahidi keki huku ikimpeleka kwenye tanuri la moto. Sisi tuliokua tukitegeana vitendawili tunaijua ladha hiyo. Nyumba yangu haina mlango: jawabu ni yai, na kila mtoto wa pwani analijua. Hapa mtu amewekwa ndani ya yai lenyewe, akaambiwa atafute mlango.

Ugumu wa kutoa sehemu ya pili ya mchezo wa namna hii uko hapo hapo kwenye kitendawili. Kitendawili kikishateguliwa hakitegwi tena kwa mtu yule yule. Mchezo wa mpira au wa mbio za magari unaweza kurudi kila mwaka na viwanja vipya, na watu wakaridhika, ila mchezo wa mafumbo ukirudi unamkuta mchezaji ameshaijua siri, na anadai mambo mawili yanayopingana: apate ile ile furaha ya kwanza, na asipewe kile kile alichopewa. Inasimuliwa na waandishi wa Valve wenyewe kwamba mwanzoni walijaribu kutengeneza hadithi ya zamani zaidi, isiyokuwa na GLaDOS wala milango ile miwili, na watu walioitwa kuijaribu wakawa wanauliza GLaDOS yuko wapi na milango iko wapi. Kazi hiyo ikawekwa kando, wakaanza upya. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba wachezaji walitoa hukumu kabla mchezo haujatoka, tena hukumu ya haki, kwa kuwa walikuwa wameushika mikononi.

Hukumu niliyoisoma mimi ilikuwa ya aina nyingine. Portal 2 ilitoka tarehe 19 Aprili 2011, na siku hizo za kwanza, kwenye tovuti ya Metacritic, alama za wahakiki zilikuwa juu kabisa, kiasi cha 95 kwa 100, na chini yake alama za wachezaji wa kawaida zilikuwa zimeporomoka. Nilidhani wahakiki wamelipwa na wananchi ndio wasema kweli. Laiti ningaliyasoma yale malalamiko yenyewe badala ya kuzihesabu alama, ningaligundua kwamba machache tu yaliuhusu mchezo. Kabla ya kuutoa, Valve ilikuwa imeweka saa ya kuhesabu, ikawaambia watu kwamba wakicheza kwa wingi michezo 13 ya watengenezaji wadogo, Portal 2 ingefunguliwa mapema. Watu walinunua na kukesha wakitaraji kwamba watapunguziwa siku kadhaa, na mchezo ukafunguliwa takriban saa 10 tu kabla ya wakati wake. Hasira hiyo iliingia katika alama. Wengine walikasirika kwa kuwa tangu siku ya kwanza palikuwa na duka la kuuzia kofia na mapambo ya roboti wawili wanaochezwa na watu wawili, Atlas na P-body, ingawa hakuna kofia iliyokusaidia kutegua fumbo hata moja. Wenye kompyuta walihisi kwamba mchezo umetengenezewa mashine za michezo za sebuleni kisha ukahamishiwa kwao. Wapo pia walioandika kwamba unamalizika kwa saa 4, na kwa mtu anayetegua mafumbo kwa mara ya kwanza kasi hiyo ni ngumu mno, hasa akihesabu na ile sehemu ya wawili.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba uyapange malalamiko kabla ya kuyaamini. Ukiona mtu analalamikia duka, tarehe, kofia au kampuni, mpe haki yake, maana fedha ni zake na ahadi ilitolewa kwake, lakini usiyachukulie maneno yake kuwa habari ya mchezo. Mtafute aliyeandika kwamba fumbo fulani lilimkwama na kwa nini, au kwamba sauti ya fulani ilimchosha baada ya nusu ya safari; huyo amecheza. Pale uwanjani Mkunguni, mbele ya Ngome, wazee wanapocheza bao, waliosimama kando huwa na kauli nyingi kuliko wanaopanda kete, na kijana anayetaka kujifunza bao huangalia mikono ya wachezaji. Tena ngoja. Mchezo wa mafumbo hauwezi kuhukumiwa na mtu aliyefika chumba cha tano. Wachezaji wale wale walipoumaliza, upepo uligeuka. Mwezi Machi 2012 taasisi ya BAFTA ya Uingereza, inayotuza filamu, televisheni na michezo, iliipa Portal 2 tuzo ya mchezo bora wa mwaka, na hadi leo, katika Steam, duka la mtandaoni la Valve, wanaousifu ni zaidi ya asilimia 95 ya wachezaji wanaoandika maoni yao.

Jambo la pili ni kuanza na sehemu ya kwanza. Nasisitiza kwa sababu vijana hawapendi kusikia haya. Wanataka picha mpya. Portal ya kwanza ni fupi, jioni mbili au tatu zinatosha, na bila hiyo hutajua kwa nini GLaDOS ana kinyongo na Chell, wala hutaona ni nini kilichoongezwa. Kilichoongezwa ndicho kipimo. Sehemu ya pili ilileta vimiminika vya rangi, cha buluu kinachokurusha juu, cha chungwa kinachokuongezea mbio, na cheupe kinachoufanya ukuta wowote ukubali mlango, wazo lililoanzia kwa wanafunzi wa chuo cha DigiPen ambao Valve iliwaajiri. Ilileta pia watu wapya wa kuzungumza: Wheatley, jicho dogo la mashine lenye maneno mengi, kwa sauti ya Stephen Merchant, na Cave Johnson, mwasisi wa maabara aliyekufa zamani na kuacha sauti yake kwenye kanda, iliyoigizwa na J.K. Simmons. Kitendawili kile kile kilitegwa upya kwa maneno mengine, na mtegaji alijua kwamba wasikilizaji wake wameshakua.

Kuhusu mzaha wa mchezo huu nina mengi ya kusema, kwa kuwa hapo ndipo mzazi wa kwetu anapopaswa kuwa macho. Ni mzaha mchungu. Umejengwa juu ya vifo, majaribio ya kikatili juu ya binadamu, na mashine inayotukana kwa adabu. Marekani umepangiwa watoto wa miaka 10 na zaidi, na Ulaya miaka 12, na damu karibu haimo; ukali wote uko kwenye maneno. Watu wa Lamu tunajua vijembe. Tumelelewa tukisikia kina mama wakijibizana kwa mafumbo makali bila kupandisha sauti, na GLaDOS angeelewana nao vizuri, kwa kuwa kila analosema lina adabu nje na mwiba ndani. Hata hivyo, kuna mahali mchezo unamkejeli Chell kwa unene, na mahali pengine kwa kuachwa na wazazi wake.

Nilipoupata hatimaye mwaka 2013, diski iliyokwisha kutumika, niliucheza na mpwa wangu aliyekuwa na miaka 12. Babake alikwishafariki, naye alikuwa akilelewa na bibi yake huko Mkomani. Tulipofika kwenye kejeli hiyo ya wazazi alinyamaza. Niliusimamisha mchezo. Nilitaka kumwambia kwamba ni maneno ya mashine tu, lakini yeye alinitangulia, akasema, "Mjomba, huyu hajasoma Sura ya Dhuha." Alikusudia ile aya ya kutomwonea yatima, aliyoihifadhi madrasani. Tulizungumza kwa muda mrefu usiku ule kuhusu babake, kuliko tulivyowahi kuzungumza, kisha akaniomba tuendelee ili tumshinde. Simlaumu mwandishi wa mchezo, kwani ameweka maneno hayo kinywani mwa muovu kwa kusudi. Nasema tu kwamba mtoto asiachiwe mzaha wa aina hii peke yake chumbani, wala asinyimwe. Akae naye mtu mzima anayeelewa kinachosemwa. Kiswahili hakimo katika lugha za mchezo, kwa hiyo mtoto ambaye Kiingereza chake bado kichanga atayategua mafumbo vizuri na kupoteza nusu ya utamu.

Kasoro zipo, na ni wajibu nizitaje. Katikati ya safari, unaposhuka kwenye maabara kuukuu za chini ya ardhi, mchezo unaacha kukufikirisha, unakufanya uchungulie tu. Unasimama katika ukumbi mkubwa wenye giza ukitafuta kipande kimoja cha ukuta mweupe kilicho mbali sana, na ukikipata hujisikii mwerevu, umechoka macho tu. Baadhi ya vyumba vimekuwa na njia moja iliyonyooka mno, ilhali sehemu ya kwanza ilikuacha ukosee kwa namna nyingi. Wachezaji wengi walioupenda mchezo waliyasema haya haya baadaye, kwa utulivu, na maneno yao yalinifaa kuliko zile hasira za mwezi wa Aprili.

Na ukikwama, usikimbilie majibu mtandaoni. Hili nalishikilia kwa nguvu. Katika vitendawili, anayeshindwa huambiwa "Nipe mji," naye hutoa mji kabla ya kupewa jawabu. Kushindwa kuna bei, na bei hiyo ndiyo inayomfanya mtu afikiri zaidi kidogo. Sisi wawili tuliweka kanuni hiyo. Kwenye ile sehemu ya roboti wawili, kioo kikigawanywa kati yetu, kila mmoja ana milango yake miwili, hivyo milango ni minne, na mara nyingi mmoja anaona jambo ambalo mwenzake halioni. Aliyekwama na kutaka kuambiwa hutoa mji. Umeme ulipokatika, kama ulivyozoea, tulikaa dakani gizani tukichora chumba kwa chaki sakafuni, na mafumbo mawili tuliyategua hivyo, mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa una mtu wa kucheza naye, sehemu hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kuununua mchezo.

Kampuni haikuishia hapo. Oktoba 2011 ilitoa bure njia nyingine ya vyumba kwa ajili ya wawili, na Mei 2012 ikawapa wenye kompyuta chombo cha kujitengenezea vyumba vyao, bure pia, na nadhani hilo liliwatuliza wengi waliolalamika kwamba mchezo ni mfupi. Mpwa wangu alihamia kwenye kompyuta ya kibandani kwa ajili hiyo. Kila alasiri baada ya madrasa alikuja, akajenga, akabomoa, hadi siku moja akaniita niketi. Chumba kilikuwa kidogo, mlango wa kutokea uko mbele yangu kabisa, na sikuufikia. Nilijaribu hadi adhana ya Magharibi. Alisimama nyuma yangu, kimya, kisha akasema, "Mjomba, nipe mji." Nikampa Siyu. Akaikataa, akataka Mombasa.