Chora mishale kwanza, msimbo baadaye

Wiki mbili nzima nililaumu picha. Nilikuwa natengeneza mtandao wa neva (programu inayojifunza kutokana na mifano) wa kutenga madoa kwenye majani ya muhogo, wenye umbo la U-Net, ule uliobuniwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 2015, unaoshusha ukubwa wa picha kisha kuupandisha tena, kama herufi U. Pembeni nikauongezea tawi la kukadiria ni asilimia ngapi ya jani imeharibika. Kila moduli, yaani kipande cha mtandao, niliijaribu peke yake, ikawa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye maungio.

Kosa la kwanza lilijitangaza lenyewe. Picha zilikuwa za pikseli 100 kwa 100. Upande wa kushuka unagawa kwa mbili: 50, 25, kisha 12, kwa kuwa nusu ya pikseli inatupwa. Wakati wa kupanda, 12 inazaa 24, na hapo njia ya mkato, inayovusha data moja kwa moja kutoka upande wa kushuka hadi wa kupanda, inaleta zile 25 za kule juu ziungane nazo. Haziungani, programu inakufa. Nilipozifanya picha 96 kwa 96, ugomvi ukaisha. Ukishusha mara nne, tafuta ukubwa unaogawanyika kwa 16.

Tangu hapo naanza na karatasi. Moduli ni kisanduku, data ni mshale, na juu ya kila mshale naandika umbo la tensa, yaani la jedwali la namba linalopita hapo. Mishale miwili ikikutana kwenye kisanduku kimoja, amua mapema: inajumlishwa au inapangwa pamoja? ResNet, mtandao mwingine wa aina hii, hujumlisha, kwa hiyo maumbo sharti yalingane. U-Net hupanga chaneli, yaani kurasa za namba ndani ya tensa: 512 na 512 zinakuwa 1024, na tabaka linalofuata lisipotarajia 1024 umekwama.

Sasa lile la wiki mbili. Kwa kundi la picha 32, tawi la makadirio lilitoa tensa ya umbo (32, 1), majibu sahihi yakiwa (32). Nikatoa moja kwa nyingine. PyTorch, maktaba ya msimbo niliyotumia, haikukataa, ilizitanua zote mbili na kunipa jedwali la 32 kwa 32, yaani kila kadirio likapimwa dhidi ya majibu ya picha zote za kundi. Kipimo cha kosa kikashuka kidogo, kikaganda. Mtandao ulikuwa umejifunza kutaja wastani tu, jani liwe bichi au limeoza! Hakuna ujumbe mwekundu, hakuna kitu. (Kuna onyo dogo ukitumia kitendakazi chao cha kupima kosa. Mimi nilijiandikia changu, kwa ujuaji.)

Nilipolirekebisha, madoa yakaanza kuharibika. Data inapotoka kisanduku kimoja kwenda matawi mawili, gradienti za kurudi (namba zinazouelekeza mtandao ujirekebishe vipi) hujumlishwa pale njia zilipoachana. Tawi langu la asilimia lilihesabu kwa 0 hadi 100, gradienti zake zikalimeza lile la madoa. Nikagawa asilimia kwa 100, yote mawili yakaanza kusogea.

Siku hizi kila ungio nalitilia mstari wa msimbo unaokagua umbo na kusimamisha programu likikosewa. Hata kazi ikiisha, siufuti.