"Rise" au "raise"? Lisikilize kwanza kwa Kiswahili

Nilipoanza kutembeza wageni Mji wa Kale wa Mombasa, kuna kosa moja lililonisumbua kuliko yote. Tulikuwa tumesimama nje ya Ngome ya Yesu, upande wa bahari, maji yanajaa na miamba ya chini imeshafunikwa. Nikawaambia, "The tide is raising." Mama mmoja mtu mzima akaniuliza kwa upole: inainua nini? Sikuwa na jibu.

Na jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Sisi twajua tofauti ya kuinuka na kuinua. Anayeinuka hainuliwi na mtu. Anayeinua lazima awe na kitu anachokiinua. "Rise" ni kuinuka, "raise" ni kuinua. Vivyo hivyo panda na pandisha: bei ya unga imepanda, hiyo ni "rise"; mwenye duka amepandisha bei, hiyo ni "raise". Maji ya bahari, jua, moshi wa mishkaki, vyote huenda juu vyenyewe, basi "rise". Bendera na tanga hupandishwa: "raise", au "hoist" ukiwa na mabaharia. Wakati uliopita ndio wa kukariri: "rose" na "raised". Hapo hakuna njia ya mkato.

Panda yenyewe ina mtego wake. Sisi hupanda mnazi, ngazi, basi na tuktuk kwa neno hilo hilo moja. Mwingereza hugawa. Mgema juu ya mnazi, "climb". Ngazi za ngome, "go up". Basi au feri ya Likoni, "get on", kwa kuwa ndani mwatembeka. Tuktuk na teksi, ambamo waingia ukaketi papo hapo, "get in". Bodaboda waikalia kama punda, kwa hiyo "get on" tena. Kipimo hiki nimekitumia miaka na ni nadra kuniangusha.

"Upcountry" ni bara, na kwetu hiyo "up" ina haki yake: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Ila si kila "up" yaenda juu. Nyingine humaanisha kumaliza kabisa. Mgeni akikuambia "drink up" mbele ya muuza kahawa, anakuomba umalizie kikombe, mwondoke.