Mitihani haijakukomaza? Usijilaumu

Ndugu yangu, pole sana. Umesema mwaka umepita tangu ufiwe na mwenzi wako, kisha kazi nayo ikaota mbawa. Watu wanakwambia mitihani hukomaza, ila wewe unajiona umechoka tu.

Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, wanasaikolojia wa Marekani waliotoa kipimo cha ukuaji wa mtu baada ya pigo zito mwaka 1996, walisisitiza kuwa pigo lenyewe halimkuzi mtu. Kinachomkuza ni kule kuhangaika nalo, na uchungu unaweza kubaki palepale. (Wanaokuharakisha ushukuru, waache waseme.)

Chukua daftari, uandike robo saa yale usiyoweza kumwambia mtu, siku tatu nne mfululizo. Ukizidiwa, lifunge. Usingizi ukipotea kabisa au ukiwaza kujidhuru, muone daktari leo hii.