Mwezi mmoja tu nilisahau kulipa, asilimia sifuri ikaota mbawa

Jamani naanza na aibu yenyewe kabisa: hela nilikuwa nayo. Ningekuwa sina ningesema sawa, shida haina adabu, lakini siku ile kadi inakosa malipo mshahara wangu wote ulikuwa umekaa benki haujaguswa, ila ulikuwa kwenye akaunti nyingine.

Nipo Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na moja huu, nafanya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, shifti za usiku nyingi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na madeni kwenye kadi mbili za mkopo, ukijumlisha paundi 3,600, na nyingi ni tiketi za ndege na mambo ya nyumbani, mnajua wenyewe, huyu anaoa yule anaumwa mtoto wa dada kafukuzwa ada. Nikapata kadi mpya yenye ofa ya kuhamishia deni, miezi 24 bila riba, unalipa ada ya kuhamisha asilimia 3 mara moja basi. Yaani paundi 108, deni likasoma 3,708. Nikagawanya kwa 24, nikapata 155 kwa mwezi, nikafungua dairekti debiti ikate yenyewe kwenye akaunti yangu ya benki kila tarehe 14 nikalala usingizi. Miezi saba ikakata vizuri.

Sasa hapo kati kuna benki nyingine ikawa inatoa bonasi ukifungua akaunti kwao. Mimi kwa tamaa zangu nikafungua. Huku kuna ule utaratibu wa kuhama benki ndani ya siku 7 za kazi, wanahamisha wenyewe makato yako yote, kodi, gesi, kadi, kila kitu, upo tangu 2013 na unafanya kazi vizuri tu. Nikajiona mjanja, nikasema nataka akaunti ya zamani ibaki, nitahamisha mkono kwa mkono. Nikawaambia kazini mshahara uende kwenye mpya, nikahamisha kodi ya nyumba, umeme, simu. Kadi nikasahau. Na kwenye akaunti ya zamani niliacha paundi 9.

Tarehe 9 nikapigiwa simu kutoka Tanga, baba mdogo amefariki. Nani anakumbuka kadi hapo? Nikaruka usiku uleule. Nilipofika, laini ya huku nikaitoa kwenye simu nikaweka ya nyumbani, laini ya Uingereza nikaichomeka kwenye pochi nyuma ya kitambulisho, na hilo ndilo kosa ambalo naona wengi wetu tunalifanya kila safari bila kufikiria. Meseji za benki zote zilikuwa zinaenda kwenye kile kikaratasi cha plastiki ndani ya pochi. Hata ningetaka kuingia kwenye apu, namba ya siri ya kuingilia inatumwa kwa meseji kwenye laini hiyohiyo. Imeili nayo walituma, ila mimi imeili za benki nilishaziwekea folda yao ambayo siifungui.

Nimerudi wiki ya nne, naweka laini, simu inalia dakika nzima.

Tarehe 14 dairekti debiti ilirudi, hela haitoshi. Wakanipiga faini ya kuchelewa paundi 12. Hiyo sawa, naimeza. Kilichoniketisha kwenye kochi ni sentensi ya chini yake, kwamba kwa kuwa malipo hayakufika, ofa ya riba sifuri imeondolewa na deni lililobaki sasa linatozwa riba ya kawaida, asilimia 24.9 kwa mwaka. Nilikuwa nimebakiza 2,623. Kwa mwezi hiyo ni riba ya karibu paundi 49. Miezi 17 ya ofa iliyobaki imekwenda na maji.

Na kinachouma zaidi, mwezi ule kiwango cha chini cha kulipa kilikuwa paundi 27 tu. Ningelipa hizo 27 nikaacha hizo nyingine mpaka nirudi, ofa ingebaki palepale. Mimi muda wote nilikuwa nafikiria 155 ndiyo malipo, kumbe 155 ni mpango wangu mimi na daftari langu, benki wao wanaangalia 27 na tarehe.

Nikaenda kusoma mkataba (baada ya kuzikwa ndo tunaulizia dawa). Imo. Ukurasa wa pili, hata maandishi si madogo, kwamba ukichelewa au ukipitiliza limiti wanaweza kukuondolea ofa. Niliweka tiki bila kusoma. Na wewe unayesoma hapa uliweka tiki.

Nikapiga simu. Kosa la kwanza nilianza kwa kufoka, yule kijana akawa ananisomea karatasi tu. Nikakata, nikaoga, nikapiga tena baada ya saa moja nikampata mama mmoja mtu mzima, safari hii nikaeleza kwa utulivu, nimefiwa, tiketi hii hapa, nimeshalipa malipo yaliyokosa leo asubuhi, miezi saba sijawahi kuchelewa, naomba mnifikirie. Paundi 12 akarudisha palepale. Ofa akasema hana mamlaka nayo. Hapo ndipo wengi tunashukuru na kukata simu. Usikate. Mwambie nataka hili liandikwe kama malalamiko rasmi. Ukishasema hivyo lazima wakujibu kwa maandishi, wana wiki 8, na wakikukatalia au wakikaa kimya unaweza kwenda kwa msuluhishi wa mambo ya fedha, Financial Ombudsman, bure kabisa, ila usipitishe miezi 6 tangu upate jibu lao la mwisho.

Jibu langu lilikuja wiki ya tano, wamerudisha riba ya mwezi wa kwanza, zile 49, ofa hapana. Kwa msuluhishi sikwenda. Mkataba ulikuwa wazi na mimi ndiye niliyesahau, sikuona cha kubishania. Mwenzangu ambaye benki ndiyo imekosea, au umewaambia mapema una matatizo wakakupuuza, wewe nenda.

Nilifikiria pia kuhamishia kadi nyingine ya sifuri. Nikatumia zile kurasa za kuangalia kama utakubaliwa, ambazo haziachi alama kwa wakopeshaji wengine, nikaona nafasi zimeshuka, maana malipo yaliyokosa yanakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6. Nikaachana nayo.

Kilichoniokoa ni mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Tuna mchezo wetu watu 12, paundi 200 kila mwezi, zamu yangu ilikuwa ya mwishomwisho. Nikamfuata kijumbe anayeusimamia, nikamweleza ukweli bila kuficha, akaongea na shemeji aliyekuwa mbele yangu tukabadilishana. Baada ya miezi michache nikapokea 2,400, nikafuta deni lote na chenji ikabaki. Riba niliyolipa jumla haikufika paundi 150. Ningeendelea na 155 zangu za kila mwezi zingenitoka karibu 500 na zaidi ya mwaka na nusu wa kulipa. Nyumbani kuna watu wanaona mchezo ni wa akina mama wa mtaani, haya.

Binamu yangu yuko Houston, Marekani, alinicheka sana. Kule tangu sheria ya kadi za mkopo ya 2009 benki hawaruhusiwi kukupandishia riba kwenye deni ambalo tayari unalo mpaka uchelewe zaidi ya siku 60, na wakishapandisha, ukilipa kwa wakati miezi 6 mfululizo kuanzia hapo wanatakiwa kukurudishia riba ya zamani kwa deni hilo. Lakini naye asicheke sana, maana aliwahi kuchukua televisheni kwa kadi ya duka, ile ya hakuna riba ukimaliza ndani ya miezi 12, akabakiza dola chache mwezi wa mwisho, wakampiga riba ya mwaka mzima kuanzia siku ya kwanza. Hiyo siyo asilimia sifuri, hiyo ni riba imejificha inakusubiri mlangoni. Ukiona neno "ukimaliza" kwenye ofa, simama usome mara mbili.

Kuna ndugu huwa wananiuliza kama kadi ya sifuri ni halali kwa sababu haina riba. Mimi si shehe. Ila mjue mkataba una kipengele cha riba ndani yake, na kinaamka kama kilivyoamka kwangu, kwa hiyo mkimuuliza shehe mpelekeeni na hilo.

Na mtu asitume hela nyumbani kwa kadi ya namna hii. Makampuni mengi ya kadi yanahesabu kama umetoa pesa taslimu, ofa haihusiki, kuna ada na riba inaanza siku hiyohiyo.

Siku hizi nina kadi moja tu. Dairekti debiti yake inakata kiwango cha chini pekee, siku mbili baada ya mshahara (unaweza kuwaomba wakubadilishie tarehe, wengi wanakubali), na cha ziada nalipa kwa mkono nikiwa na nafasi. Mwezi wa kwanza nililipa mwenyewe kwa sababu makato mapya mara nyingi hayawahi bili ya kwanza. Laini ya Uingereza sasa ni ya ndani ya simu, ile isiyo na plastiki (eSIM), ya nyumbani ndiyo naichomeka, zote zinakaa hewani pamoja. Desemba nilikuwa Tanga kwenye arobaini ya jirani, meseji ikaingia katikati ya hitma, malipo yamepokelewa. Shangazi akanikata jicho, nikazima sauti.