Walisema nimenawiri, kumbe presha inapanda

Juzi baada ya isha nilipata ujumbe wa binti mmoja wa Unguja. Ana miaka 34, anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) na vipimo vyake ni vizuri. "Shikamoo mama. Tangu wanibadilishie dawa nimeongezeka kilo 11. Nataka niziache. Nifanyeje?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Swali hilo hilo nililibeba mwenyewe miaka mingi nisipate wa kumuuliza.

Jibu kwanza: usiziache, mwanangu. Hata siku moja.

Mimi ni mtu wa Pemba, nina miaka 53, na najua hali yangu tangu 2007. Siku zile nilikonda hadi pete ikawa inateleza kidoleni wakati wa kufua. Mtaani kwetu mtu akikonda hasemeshwi, anasemwa. Nilikuwa nauza maandazi, na jirani yangu mmoja, mteja wa kila asubuhi, aliacha kununua bila neno. Akawa anapita mlangoni kwangu na boflo mkononi. Simtaji, lakini sijasahau.

Basi dawa ziliponikubali na nyama ikarudi, kila kilo niliishukuru. Nchi ilipoanza kutuhamishia kwenye kidonge chenye dolutegravir, mwaka 2019, nilizidi kunenepa. Kutoka kilo 63 nikafika 88. Inajulikana kuwa dawa hii huwaongezea baadhi yetu uzito, na wanawake zaidi. Mimi sikulalamika. Nikipita Chake Chake naambiwa "umenawiri!" na moyo unatulia. Unene ule ulikuwa buibui langu la pili, ulinisitiri.

Kliniki nako nilikuwa wa kupigiwa mfano. Sikukosa tarehe, na virusi havionekani kwenye kipimo. Nachukua vidonge vyangu, naondoka. Presha hawakunipima, na mimi sikuomba.

Ilijitangaza yenyewe harusini Wete, mwaka 2021. Nilikuwa nageuza wali kwenye sufuria kubwa, mwiko ukawa mzito ghafla, ukuta ukaanza kwenda kando. Nikakimbizwa zahanati. Muuguzi alitazama namba, akaufungua mkanda, akaufunga upya mkono wa pili. 184 kwa 110. Sukari nayo ilikuwa 14.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo linaniuma. Niliulizwa kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Wifi yangu amesimama pembeni, na yeye hajui. Nikasema hakuna.

Nikapewa metformini, dawa ya kisukari, na nilipoambiwa sukari haijashuka vya kutosha ikapandishwa hadi miligramu 2,000 kwa siku. Tumbo halikunipa amani: kuhara, kichefuchefu, usiku kucha. Dolutegravir huizuia metformini kutoka kwa kasi yake ya kawaida kwenye figo, ikajaa mwilini. Sisi tunaotumia dolutegravir tunashauriwa tusizidishe miligramu 1,000 kwa siku. Mimi nilikuwa nameza mara mbili ya hizo, kwa sababu ya neno moja nililolificha. Mwishowe nilikusanya pakiti zote kwenye mkoba nikampelekea daktari wa kliniki yangu. Alizipanga mezani moja moja, kimya. Kisha akasema: "Mama, kwa nini hukusema?"

Ndiye aliyenifumbua macho. Virusi vikilala, mwili haulali. Uvimbe mdogo mdogo unabaki kwenye mishipa ya damu, na hatari ya ugonjwa wa moyo kwetu ni kama mara mbili ya wengine. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa REPRIEVE, uliochukua watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, Uganda jirani zetu wakiwemo, wa miaka 40 hadi 75. Waliopewa pitavastatini, moja ya dawa za kushusha mafuta ya damu ziitwazo statini, walipungukiwa na mshtuko wa moyo, kiharusi na maradhi mengine makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mimi nameza statini nyingine niliyochaguliwa na daktari. Msijinunulie dukani. Simvastatini, kwa mfano, haichanganywi kabisa na dawa za VVU zenye ritonavir.

Jikoni vita yangu ilikuwa ng'onda. Samaki yule ni chumvi tupu, na ushauri ni chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, yote kwa pamoja. Sasa namroweka usiku kucha, namwaga maji, naroweka tena, na mchuzi siutii chumvi. Wiki za mwanzo nilikula kama naadhibiwa. Chai ya sukari niliiacha kwa siku moja, hiyo sikuhangaika nayo. Na kila nikishasali alfajiri natembea hadi uwanja wa Gombani na kurudi.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni kupungua. Nilipofika kilo 79 nikasikia dirishani, "yule ameanza tena." Nililia. Siku tatu sikwenda kutembea, nikapika wali wa nazi nikala hadi nikashindwa. Wenzangu, nawaomba: afya zetu tusizipime kwa macho ya majirani! Jirani haoni mshipa wako. Pima presha. Pima sukari. Wasipokupima, omba upimwe, wakikuambia foleni ndefu, subiri. Na ukiulizwa dawa unazotumia, zitaje zote, hata kama wifi yupo. Mwombe atoke nje.

Wiki iliyopita nilikuwa 128 kwa 82, kilo 74. Wifi nilimwambia mwaka jana. Sasa ndiye anayenikumbusha vidonge.

Binti yangu nimemwandikia haya yote. Kliniki yake ni Jumatano. Nimemwambia akae dakika tano ametulia kabla hajafungwa mkanda, asizungumze unapojaa, kisha anitumie zile namba mbili kabla hajapanda daladala.