Kiko cha kwanza kwa euro 50

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi Lyon, nina euro 50, nataka kiko changu cha kwanza cha braya. Nitajuaje kizuri?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uko karibu na Saint-Claude, mji wa milima ya Jura unaochonga viko vya braya tangu miaka ya 1850. Braya ni fundo gumu la mzizi wa kichaka cha Mediterania; haliungui upesi.

Dukani omba waya wa kusafishia, upitishe mdomoni mwa kiko. Waya ukitokeza chini kabisa ya bakuli, yaani shimo la kutilia tumbaku, tundu limetobolewa sawa. Ukitokeza juu, unyevu utatuama chini. Hapo ndipo nilipoponzwa mimi: changu cha kwanza kiling'aa kama kiatu cha harusi, lakini kilikoroma kama mlevi usingizini mpaka nikakitupa.

Viraka vidogo vya nje, vilivyoziba vishimo vya mti, usiviogope, ndivyo vinavyoshusha bei. Kuta nyembamba zikatae, zitakuunguza vidole. Cha mtumba nacho si kibaya, ila kinuse kwanza. (Kwamba tumbaku inaua, daktari wako ameshakuambia.) Na euro zako usizimalize zote kwa kiko: bakiza za kununulia kishindilio, kifaa cha kushindilia tumbaku bakulini.